Shemeki Juu ya Kapo

“Silali juu ya gari kama mbuzi wa soko,” Bulaimu alisema, mikono nyuma, kofia yake imenyooka kichwani.

“Ninataka masikio yako, Shemeki. Heshima yako unaweza kuiacha hapa nyumbani.”

“Leo mimi iko baba wa bibi harusi.”

“Na baba wa bibi harusi asipofika Kabambare, atakuwa baba wa nani?”

Binti yangu Sonia alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, kitenge kipya, kilemba kipya, mikono imepakwa mafuta. Akashusha kioo na kutuambia kwamba tukiendelea kugombana yeye atapanda pikipiki aolewe peke yake. Nikamwambia afunge kioo, vumbi linaingia.

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, nafupisha. Marehemu mume wangu Zéphirin aliniachia watoto na jeep ndogo ya magurudumu manne, na jeep hiyo inagonga. Mbele, kushoto, chini. Ko, ko, ko. Ukikata kona inagonga, ukipita shimo inagonga mara mbili.

Nimeipeleka kwa fundi Hervé hapa Kasongo mpaka mbwa wake ameacha kunibwekea. Na kila nikifika, kimya. Asubuhi ya kwenda kwake naiingiza kwanza mtoni, naisugua juu na chini, kwa sababu nililelewa hivyo: mtu haendi kwa daktari na miguu michafu. Nafika gari linang’aa, Hervé anakaa karibu yangu, tunazunguka mji mzima, hakuna hata ko moja. Keshoye nikienda sokoni peke yangu, ko, ko, ko.

Hervé alibadilisha amortisseur mbili za mbele, zile shokomzoba, kwa kunisikiliza mimi tu. Mlio ukarudi. Akabadilisha rotule, kile kifundo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Mlio ukarudi. Mwisho akaniambia, kwa adabu nyingi, kwamba labda nipimwe masikio.

Muda mfupi kabla mlio haujaanza, mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya mihogo, ulikuwa umepotea, nikamtuhumu jirani yangu Véronique mbele ya mlango wa kanisa, watu wakitoka misa. Mpaka leo hatusalimiani. Hayo mliyasoma.

Sasa ilikuwa siku ya kumpeleka Sonia kwa Blaise, Kabambare. Mama yake Blaise, Rosine, alikuwa ametuma neno: bibi harusi aingie na jeep, kabla jua halijazama, na ndugu ya baba yake akae mbele. Alikuwa amewatangazia watu wote. Tukishindwa, alisema, ataelewa kwamba Mungu amekataa, na yeye hashindani na Mungu.

Ndugu ya baba ni Bulaimu. Yeye na Zéphirin ni wa baba mmoja. Mmoja alienda misa, mwingine msikitini, wote wakala chungu kimoja. Bila mkono wa Bulaimu kumshika Sonia na kumkabidhi, hakuna ndoa. Alikuja Kasongo kutuchukua. Na Bulaimu ni seremala: anagonga ubao kwa kidole na kukuambia ufa uko wapi ndani.

Ndiyo maana nilimtaka juu ya kapo, ile boneti ya mbele. Kwa barabara ya Kabambare, gari linalogonga mbele linaweza kufika. Au gurudumu linaweza kufika peke yake.

Akakubali mwishoni, kwa sharti kwamba nimfunge vizuri. Nikamlaza kwa tumbo juu ya kifuniko cha injini, sikio lake kwenye kona ya kushoto juu ya gurudumu, nikapitisha kamba mgongoni mwake na kuifunga milangoni. Kwa sababu ya vumbi nikamfunika shuka nyeupe, moja ya zile za zawadi ya Sonia. Miguu ikabaki nje.

Nikawasha, nikaenda polepole. Mwanzo alifanya kazi. Akasema kata kulia, nikakata. Akasema pita lile shimo, nikapita. Ko, ko. Halafu akanyamaza.

Nikadhani anasikiliza.

Tukapita kando ya soko. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliyebeba mihogo akaitua chini na kukaa karibu nayo. Nikamwambia Sonia, unaona, watu wa Kasongo bado wanajua kumheshimu bibi harusi.

Kijana mmoja wa pikipiki anayeitwa Plamedi, anayebeba watu kati ya Kasongo na Kabambare, akaja ubavuni kwangu. Alitazama ile miguu muda mrefu. Akauliza ni nani. Nikasema ni Bulaimu seremala, tunamrudisha kwao Kabambare, na wewe ondoa pikipiki yako, nataka kusikia gari. Akafanya ishara ya msalaba, akaondoka mbio, akatuachia moshi.

Nilikasirika kwa ule moshi. Jambo lingine sikufikiri.

Nje ya mji nikasimama, nikamfungua.

“Umesikia nini?”

“Amortisseur,” alisema.

“Amortisseur ni mpya.”

“Basi ile mupya iko mubaya.”

Nikashuka, nikabonyeza kona ya gari kwa uzito wangu wote, nikaachilia. Gari likapanda mara moja na kutulia. Amortisseur iliyokufa haitulii hivyo, inacheza kama kitanda kibovu. Hili Hervé alinifundisha, na mwenye gari yeyote anaweza kulijaribu bila fundi. Nikamwambia Bulaimu amortisseur ni nzima. Akasema twende, jua linatembea.

Bulaimu ni mtu anayezungumza hata akila. Siku hiyo alikaa kando yangu akitazama miti. Tulipovuka kijito cha kwanza, maji mpaka katikati ya gurudumu, mlio ukaisha kabisa. Yeye akavuta pumzi na kuanza kutuambia habari za mbao. Barabara ikakauka, ko, ko, mlio ukarudi, naye akanyamaza. Kijito cha pili vilevile. Niliona, lakini nilidhani ni njaa.

Simu haikushika mtandao popote. Pikipiki zilitupita, kila dereva akitutazama ndani na kuongeza mwendo. Kwa barabara ile, pikipiki inapita ukingoni ambako jeep inasimama na kufikiri. Kila neno lililotoka Kasongo siku hiyo lilitutangulia.

Jua lilikuwa bado juu kidogo tulipoingia Kabambare, mtaa wa Bulaimu. Tukasikia kilio.

Uwanja ulijaa. Wanawake wamekaa chini, vitenge vimefungwa kiunoni. Kinu cha nyumba kilikuwa kimepinduliwa, kwa sababu nyumba yenye msiba haitwangi. Chini ya ukuta niliona kinu kingine, cha wakwe: Rosine na wanawake wake walikuwa wamekuja na kinu chao na mchi wao kupikia waombolezaji, kama inavyotakiwa.

Nikasema, Mungu wangu, leo, siku ya Sonia, mtu amekufa.

Kwetu mtu hafiki kwenye kilio na kuuliza kwanza. Analia kwanza, anauliza baadaye. Bulaimu anajua adabu. Alishuka kabla sijazima injini, akaweka mikono kichwani, akaingia uwanjani akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume. Alilia ndugu yangu, ndugu yangu, umetuachia nani.

Watu wakakimbia. Wengine walipita juu ya sufuria. Mmoja aliruka ukuta akiwa na sahani mkononi, na hakuimwaga.

Aliyebaki ni mke wake, Mama Ayoubu. Huyo hakimbii kitu. Alisimama mbele yake, akamgusa shavu, akamgusa kofia.

“Umekufa ama hukufa?”

“Sijakufa. Nani amekufa?”

“Wewe.”

Bulaimu akaacha kulia. Nilimwona akitafuta uso wa kuvaa, asiupate.

“Motard Plamedi alikuona,” Mama Ayoubu alisema. “Juu ya gari. Kamba, shuka, miguu. Alimuuliza huyu shemeki yako na yeye akakutaja jina. Watu wote hawa nimewaita. Kaburi limechimbwa.”

Hilo la kaburi lilikuwa kweli. Bulaimu ni Mwislamu, na Waislamu hawamweki maiti asubiri. Walijua barabara itatuchelewesha, wakachimba mapema ili akifika tu wamswalie na kumzika. Lilikuwa nyuma ya nyumba, zuri, pande zimenyooka. Bulaimu alilitazama kwa jicho la seremala na kusema kazi ni safi. Halafu akaomba kiti.

Watu wakarudi mmoja mmoja, wakamgusa, wakacheka, wakalia tena kwa kuwa walikuwa wameshaanza. Nikadhani tumemaliza. Nikamshusha Sonia, nikamfuta vumbi, nikamwongoza kwa Rosine.

Rosine hakunyosha mkono.

“Mukwe wangu, mutoto wako ninampenda,” alisema. “Lakini sitampokea kutoka mkono wa mutu mwenye kaburi wazi. Kaburi lile linamungoja yeye. Akimushika Sonia kwanza na kuingia mule baadaye, nitaambia watu nini?”

“Basi lifukieni.”

Uwanja mzima ukanitazama kana kwamba kitenge changu kilikuwa kimeanguka chini mbele yao. Hata Sonia. “Kaburi lililofunguliwa halifungwi tupu, Mama,” akaniambia. Kila mtu anajua.

Mtu akasema wazike mgomba. Ndiyo desturi: unakata shina la mgomba, unalilaza ndani, unafukia, kaburi limekula, limekwisha. Nikasema vizuri, leteni mgomba, jua linashuka. Mama Ayoubu akakataa.

“Mugomba ni wa mutu aliyekuwa mugonjwa akapona,” alisema. “Huyu hakuwa mugonjwa. Huyu aliuawa na gari. Lazima kaburi likule gari.”

Mimi nilikuwa peke yangu katika kuona kwamba hilo ni neno la ajabu. Wengine walianza kupima. Walikubali kwamba jeep nzima haitaingia. Basi ikawa ni kujua kipande gani ndicho kilichomuua Bulaimu, na hapo nikasikia tena mazungumzo yote ya gereji ya Hervé, safari hii kutoka kwa watu waliovaa nguo za msiba. Mmoja alitaja usukani, kwa kuwa ndio unaoamrisha. Mwingine akasema pneu, yaani tairi. Bulaimu mwenyewe, kutoka kwenye kiti, akasema amortisseur. Lakini wengi walikuwa upande wa kapo, kwa sababu ndipo mtu alipofia, na wachimba kaburi wawili wakaanza kuelekea kwenye jeep yangu na mtaimbo.

Nikawazibia njia.

“Mnataka muuaji au mnataka bati?” nikawauliza. “Muuaji ni yule anayegonga. Kama si yeye, Bulaimu asingepanda juu. Niacheni nimtafute, nikimpata nitawapa kwa mkono wangu.”

Wakaona ni haki.

Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikapachika kriki, nikainua kona ya kushoto. Nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa: imara, rotule ya Hervé haina kosa. Nikalishika kushoto na kulia: imara, usukani nao hauna kosa. Umati ulikuwa unafuata kama kesi barazani, na kila nikisema hana kosa, mama mmoja nyuma anajibu, aachiwe.

Bado mkono wa chini, kile chuma kirefu kinachoshika gurudumu na kulifunga kwenye mwili wa gari. Mwisho wake kuna silent-bloc, kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Nikaomba mtaimbo wa kaburi, nikaupenyeza pale, nikasukuma.

Ko.

Uwanja ukaguna. Nikasukuma tena. Ko.

“Usifungue, Mama Sonia,” Bulaimu alisema. Alikuwa amesimama. “Jua linazama. Tuzike tu ule mugomba.”

Ndipo nilipojua lazima nifungue.

Nikachukua ufunguo wa dix-sept, spana ya kumi na saba, nikatoa buloni, nikaushusha mkono, nikapiga nyundo. Kile kipande kikaanguka vumbini. Kilikuwa cheusi kama mpira. Nikakikwangua kwa ukucha, lami ikatoka. Chini ya lami kulikuwa na mti. Na juu ya mti, duara mbili ndogo zilizochomwa kwa chuma cha moto.

Duara hizo alizichoma mama yangu, siku aliponipa mchi wa kutwangia sombe.

Nilikaa chini palepale, magoti wazi, mbele ya wakwe.

“Ulipasuka ule wa mpira nyuma ya nyumba yako, siku niliyorudisha jeep kutoka Lusangi na mbao,” Bulaimu alisema, na hakuwa akizungumza na mtu mwingine. “Wewe ulikuwa misa. Nikatafuta muti mugumu. Mugumu ulikuwa muchi wako tu. Nikakata, kilichobaki nikakificha.”

“Na ulinisaidia kuutafuta. Uliinua mpaka kitanda.”

“Gari ilikuwa kimya, Mama Sonia.”

“Ilikuwa masika.”

“Njo vile. Muti ukinywa maji unavimba, unatulia. Ukikauka, unacheza.”

Nikaufikiria mto. Nikajifikiria mimi, sketi imekunjwa, nikiisugua jeep chini kwa bidii ili nisimwaibishe Hervé. Kila mara nilikuwa ninaunywesha ugonjwa maji kabla ya kwenda kwa daktari.

“Na kule juu ya kapo?”

“Nilitambua sauti ya muti. Nikanyamaza nikiomba mvua inyeshe.” Akatazama kaburi lake. “Nilinyamaza sana mpaka watu wakanilia.”

Véronique, nilisema moyoni. Mbele ya mlango wa kanisa. Nikaweka hilo pembeni. Siku moja haina nafasi ya aibu mbili.

Nikaokota kile kipande, nikamwonyesha Mama Ayoubu. Akakinusa. Akasema muuaji amepatikana, na kwamba muuaji na marehemu ni mkono mmoja, na hayo watazungumza wawili nyumbani. Wakakilaza katikati ya kaburi la mtu mzima, kidogo kuliko ngumi. Aliyeitwa kusoma dua akasema hajui dua ya mchi. Basi wakafukia kimya, na Bulaimu akatupa udongo wa kwanza, na alitupa vizuri.

Rosine aliangalia mpaka udongo ukasawazishwa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitabasamia.

“Sasa, mukwe wangu, lete bibi harusi. Na jeep. Kwangu si mbali, lakini watu wamepanga mustari njia nzima.” Akatazama jua, lilikuwa juu ya paa la nyumba ya pili. Akaingia ndani na Sonia kumfunga kilemba upya.

Mimi na Bulaimu tukatazamana. Kisha tukatazama jeep. Mkono wa chini ulikuwa unaning’inia kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Silent-bloc ya kununua, ya karibu kabisa, iko Kasongo.

“Kipande cha muti tu,” alininong’oneza. “Kwa mwendo wa kwenda pale kwake, kitashika. Sanduku langu la kazi iko hapa. Lakini muti mugumu. Ule wa muke wangu ni mwepesi, utapasuka kabla ya kona.”

Macho yake yakaenda ukutani na kurudi haraka. Yangu yalikuwa yameshafika.

Kinu cha Rosine kilikuwa pale, kimejaa sombe iliyotwangwa nusu. Mchi wake umesimama ndani. Mweusi, mzito, umelainishwa na mikono ya wanawake wengi. Saa ileile nilipofika nilikuwa nimewasikia wakisema ulitoka kwa bibi yake. Waliokuwa wanautumia walikuwa wamekwenda kuona kaburi.

“Mama Sonia, apana,” Bulaimu alisema.

Mkwe asiye na mchi atanikasirikia. Mkwe asiyeona jeep ikiingia kabla jua halijazama atamrudisha mtoto wangu Kasongo mbele ya ule mstari wa watu. Nilipima mara moja, sikurudia.

Nikauchomoa mchi, nikafuta sombe kwa kitenge changu, nikaulaza juu ya kapo, palepale alipolala yeye asubuhi. Nikamwekea msumeno mkononi.

“Kata, Shemeki.”

“Wapi?”

“Chini. Ubaki mrefu wa kushikika.”

Akakata. Mti ulikuwa mgumu kweli, msumeno ulikuwa ukilia. Ulikuwa umefika katikati wakati mlango wa nyumba ulipofunguka, Rosine akatoka akimshika Sonia mkono, akakitazama kinu chake.

“Endelea,” nikamwambia Bulaimu, nami nikaushika mchi kwa mikono miwili usitikisike.